Bunduki Iliyowafuturisha Watu Mapema

Ramzanali alikuwa amenishinda kila Idd tangu sote wawili tuna nywele nyeusi. Siyasemi haya kwa kujidhalilisha. Nayasema ili mjue kwamba mtu aliyekuja kuitengeneza ile bunduki, yaani mimi Fikirini, fundi wa vyombo vya baharini wa Mikindani, hakuwa akifanya kazi ya hisani. Nilikuwa na shida yangu.

Ilikuwa bunduki ya upepo, ya kulengea shabaha, ya Kijerumani. Haikuweza kuua kitu kikubwa kuliko kunguru mzembe. Unaukunja mtutu wake chini, unatia kirisasi kidogo cha bati laini, unaukunjua, unalenga, unafyatua. Mjomba wake Ramzanali aliinunua kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge, na tangu hapo ilikaa nyuma ya mlango wa duka lao la nguo, imeviringishwa kwenye kanga kuukuu kama mtoto mchanga. Kila Idd Pili baada ya adhuhuri tulikutana uani kwao. Ramzanali alichora duara kwenye karatasi kwa kuzungusha kikombe, katikati yake akachora jingine kwa kuzungusha shilingi, na hilo dogo akalijaza masizi. Kila mtu alipiga risasi tatu, na aliyetia nyingi ndani ya duara kubwa ndiye mshindi. Mtaa mzima ulikuja kutazama, na mtaa mzima ulijua mwisho wake: Ramzanali anashinda, mimi nabisha kwa sababu yoyote itakayonijia kichwani, naye ananijibu kwa tabasamu lake lile ambalo laiti lingekuwa ubao ningelipiga randa.

Mwaka wa sabini na mbili, mwanawe wa Dar es Salaam alimpatia nyumba huko. Duka likauzwa. Ilikuwa imepangwa kwamba Idd ikiisha tu, Ramzanali na mkewe Rukiyabai wangepanda meli pale bandarini Mtwara na kuhama moja kwa moja. Kwa hiyo nilikuwa nimebakiwa na Idd moja. Nikishindwa na hiyo, ningezikwa nikiwa mtu ambaye hakuwahi kumshinda Ramzanali, na asingekuwepo tena wa kumshinda.

Halafu mwanzoni mwa Ramadhani bunduki ikafa.

Nilikuwepo. Ramzanali aliitoa kuipangusa, akaijaribu uani. Haikulia ule mlio wake mkavu tuliouzoea. Ilisema "pfff", kama mzee anayekaa kitini, na risasi ikatoka mdomoni mwa mtutu ikaanguka karibu na vidole vyake vya miguu.

"Imechoka kufunga," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. 

Ramzanali alimwomba mwanawe aulizie Dar es Salaam. Majibu yakarudi kwamba bunduki za aina ile zilikwisha kuachwa kutengenezwa zamani, vipuri havipo, na kama mzee anataka wanaweza kumuuzia mpya. Mpya hakuitaka. Alisema mkono wake umezeeka na ile, hauwezi kuanza uchumba upya. Tukaipeleka Mtwara mjini kwa Waziri, fundi baiskeli, tukipanda lori la korosho mimi na yeye, bunduki katikati yetu ndani ya kanga yake. Waziri aliifungua, akatuonyesha ugonjwa. Ndani mna springi, na mbele ya springi mna pistoni, na mbele ya pistoni palikuwa na kikombe cha ngozi kinachozuia upepo usivuje. Kile kikombe kilikuwa kimekauka na kupasuka, kimebaki vipande vipande kama biskuti. Waziri akatia ngozi ya pampu ya baiskeli. Ikapiga vizuri mara mbili, mara ya tatu ikasema "pfff".

Njiani kurudi Ramzanali alitazama mikorosho inavyopita, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi, Fikirini. Tutasema tulimaliza mwaka jana."

"Tulimaliza nini?"

"Mashindano. Nimeshinda yote."

Akatabasamu. Nikamwambia dereva asimamishe lori, nataka kushuka. Dereva hakusimamisha, lakini nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilimnyang'anya Ramzanali ile bunduki nikaipakata mwenyewe hadi Mikindani, na tulipofika nikaenda nayo kwangu bila kumuaga.

Mimi kazi yangu ni kutia kalafati. Miaka yote nimeziba mianya ya mbao ili maji yasiingie. Nikajiuliza, upepo una tofauti gani na maji? Wote wawili ni wezi wanaotafuta tundu. Kilichonipa taabu ni ngozi. Ya mbuzi ilikuwa nyembamba mno, ya ngoma ilikuwa ngumu mno. Nilizunguka nyumba nzima nikipapasa kila kitu, mpaka macho yangu yakatua chini ya kitanda, kwenye makubadhi mapya ambayo mke wangu Somoe alikuwa ameninunulia kwa ajili ya Idd. Yalikuwa ya ngozi ya ng'ombe, nene, laini, safi. Sikutaka kuyafikiria sana, maana ningeyafikiria ningemwogopa Somoe.

Nilikata soli ya kushoto. Nikachukua kipande cha gogo la mkorosho, nikatoboa kwa keekee tundu lenye upana wa pistoni, nikailoweka ngozi kwa siku kadhaa ndani ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa tunayopaka vyombo, kisha nikaisukumiza ndani ya tundu nikaibana kwa jiriwa mpaka ikashika umbo la kikombe. Pale mtutu unapokunjika nako palikuwa panavuja kidogo, nikapaziba kwa uzi wa pamba niliouchovya kwenye sifa hiyo hiyo. Sifa ikinuka, inanuka. Mtu wa pwani anaizoea, lakini hata mimi nilikuwa nageuza uso. Paka watatu nisiowajua walihamia kwetu.

Somoe aliingia kibandani akakuta kubadhi moja zima na jingine halina soli.

"Baba Salma," akasema polepole, "Idd utakwenda kuswali na nini?"

"Na miguu yangu."

"Haya. Nenda nayo na makatambuga yako yale ya tairi, watu wajue mume wa nyumba hii ana akili gani." Akaitazama bunduki, akaziba pua. "Na uhakikishe unashinda. Soli ile haikukatwa kwa ajili ya kushindwa."

Sasa niwaeleze jambo la Mzee Alawi, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mpaka leo kuna nyumba hazinijibu salamu vizuri. Siku hizo msikiti wetu haukuwa na kipaza sauti. Adhana ya magharibi haikufika mtaa wetu wa chini, hasa bahari ikivuma. Kwa hiyo kila Ramadhani Mzee Alawi alisimama karibu na msikiti na gobori la babu yake, akitazama jua, na jua likizama alilipua baruti mara moja. Lile gobori likilia, tende mdomoni. Mzee Alawi alijivunia kazi hiyo kuliko watoto wake.

Siku niliyomaliza kuiunga bunduki ilikuwa ya mawingu. Jua halikuonekana tangu alasiri. Nilitia risasi, nikalenga ubao wa mvule uliosimama ukutani, nikafyatua.

Hamtaamini. Ililia "paaa!" Moshi ukatoka mdomoni. Ile sifa iliyojaa ndani, nadhani, ilishika moto kwa kubanwa na upepo, na kwa kuwa uani kwangu kuna kuta za mawe pande zote, mlio ule ukapaa juu ukaenda mtaani mzima mzima. Nilianguka kwa makalio. Paka wote watatu wakaruka ukuta. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba Wareno wamevuka Ruvuma.

Lakini wengine wote hawakuwafikiria Wareno. Walikuwa wamefunga tangu alfajiri, na walichosikia ni kitu kimoja tu.

Nilitoka barazani nikaona. Nyumba hii watu wanasema "Bismillahi" na kumeza tende. Nyumba ile mama anawagawia watoto uji. Jirani yangu alikuwa na kikombe cha maji mdomoni, kichwa nyuma, koo linapanda na kushuka. Nikapaza sauti, "Bado! Bado jamani! Ni mimi!" Somoe, kipande cha muhogo kikiwa tayari upande mmoja wa shavu, alinitazama kwa macho ambayo siyasahau.

Ndipo Mzee Alawi alipotokea kona ya mtaa anakimbia, gobori begani, limejaa baruti yake ambayo haijalipuliwa.

"Nani?" akauliza, pumzi hana. "Nani kanipora kazi yangu?"

Mtaa mzima ulinyosha vidole kwangu.

Mzee Alawi akasimama mbele yangu akitetemeka kwa hasira. Akaitazama bunduki, akainusa, akarudi hatua moja nyuma. "Fikirini," akasema, "umefuturisha Waislamu jua lipo!" Na katika hasira ile ile akajikwaa kwenye baraza langu, gobori likalia lenyewe, na mtaa wa juu nao ukafuturu.

Sheikh aliamua kwamba wote walipe siku moja baada ya Idd. Alijaribu kulisema hilo akiwa amekunja uso, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nilitubu hadharani na Mzee Alawi akatubu pembeni. Tangu siku hiyo kila niliyepishana naye aliniambia maneno yale yale ya Somoe, kwamba afadhali nishinde, angalau funga yake ya kulipa iwe na maana.

Niliifungua tena bunduki, nikafuta sifa yote iliyozidi, nikaacha ngozi na unyevu wake tu. Moshi ukaisha, mlio ukarudi kuwa mkavu. Lakini nilipoijaribu nikagundua jambo. Ilikuwa na nguvu kuliko tulivyowahi kuijua. Ile ngozi ya zamani kumbe ilikuwa inavuja miaka mingi, kidogo kidogo, na sisi tumezeeka nayo bila kujua. Sote tulizoea kulenga kiganja kizima juu ya weusi ili risasi ishuke ipate katikati. Sasa haikushuka. Ilikwenda pale pale unapolenga.

Nikamwambia Somoe.

"Ramzanali anajua?" akauliza.

"Hajui. Hajaigusa. Risasi zimebaki chache, hatukutaka kuzimaliza kwa majaribio."

"Basi Mungu kakukunjulia. Nyamaza."

Nilijaribu kunyamaza. Wallahi nilijaribu tangu usiku wa mwezi kuandama. Lakini mtu huwezi kungoja jambo maisha yako yote, halafu likija ulipokee kwa mlango wa uani. Nilitaka kumshinda Ramzanali, si kumshinda mtu aliyefumbwa macho.

Idd Pili ua wa Ramzanali ulijaa. Waliokuwa na siku ya kulipa walikuja wote, mtaa wa juu na wa chini, na Mzee Alawi akaketi mbele kabisa. Nilimkabidhi Ramzanali bunduki. Akaipokea, akainusa, macho yakamtoka machozi. Rukiyabai alitoka jikoni akatuomba tusiiingize ndani ya nyumba kwa jambo lolote lile.

"Ramzanali, nisikilize," nikasema. "Sasa inapiga juu. Usilenge kama zamani. Lenga weusi wenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Ramzanali naye akacheka, akanipiga begani. "Mwaka ule uliponiambia karatasi imepinda, sikupiga ukuta?"

"Ule mwaka nilikutania."

"Na ule uliponiambia Rukiyabai ananiita, nikageuka huku nafyatua?"

"Huo pia. Lakini leo nasema kweli. Wallahi!"

"Mwezi mtukufu mzima umewalisha watu mchana, leo unaniapia?" akasema, na watu wakazidi kucheka. Nilimwona Somoe ananikodolea macho, halafu anajipiga paji la uso.

Ramzanali akapiga. Risasi ikagonga ukuta juu kabisa ya karatasi, chokaa ikapukutika. Nikapiga mimi, ikaingia ndani ya duara la kikombe. Ramzanali akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa. Akalenga kwa muda mrefu. Ikapiga ukuta tena, pale pale juu. Watu hawakucheka safari hii. Nikapiga ya pili ikagusa ukingo wa weusi.

Alinigeukia, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Macho yamekwisha, Fikirini. Sikujua kama yamekwisha kiasi hiki."

Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Nilimwonea huruma mpaka nikaudhika. Huyu ndiye mtu ninayetaka kumshinda? Nilichukua bunduki, nikatia risasi yangu ya tatu.

"Mzee Alawi!" nikaita. "Njoo usimame nyuma yangu. Waambie watu nalenga wapi."

Mzee Alawi akaja, akachungulia juu ya bega langu akiwa ameshika pua. "Kiganja kimoja juu ya weusi," akatangaza kwa sauti ya adhana.

"Kama anavyolenga nani?"

"Kama anavyolenga Ramzanali siku zote."

Nikafyatua. Risasi ikagonga ukuta palepale zake mbili zilipogonga. Nikampa bunduki. "Si macho yako," nikamwambia. "Ni ngozi yangu. Lenga weusi, bwana we!"

Ramzanali aliutazama ukuta, akanitazama mimi.  Akatia risasi yake ya tatu, akalenga, na sauti ya kufyatua ilipoisha karatasi ilikuwa na tundu katikati ya weusi, safi, kama lililotobolewa kwa keekee. Ua ukalipuka kwa shangwe. Somoe naye alishangilia, kisha akakumbuka mumewe ni nani akanyamaza.

Wakahesabu. Yeye alikuwa na moja tu kwenye karatasi, mimi mbili. Ramzanali akaenda mwenyewe ukutani, akatia kidole kidogo katika kila tundu. Akarudi, akaninyoshea mkono mbele ya watu wote.

"Umenishinda, Fikirini. Kihalali kabisa."

Neno hilo nililingoja tangu ujana wangu. Watu walikuwa wananipiga mgongoni, Mzee Alawi ananikumbatia, anasema siku yake ya kulipa haikupotea bure. Nilifurahi, sitasema uongo. Halafu nikamtazama Ramzanali, ametulia, mkono bado ameunyosha. Hakuwa na ubishi hata kidogo. Alikuwa na haki ya kubisha. Angeweza kusema risasi mbili alipiga na bunduki asiyoijua. Hakusema. Na mimi nilitaka aseme, maana mtu anayebisha ana mpango wa kurudi mwaka unaofuata. Huyu alikuwa anaaga.

 Sikuupokea mkono wake.

"Nimekushinda wapi?" nikasema. "Leo kuna upepo. Upepo umenisaidia."

"Upepo gani, kuta pande zote nne?"

"Upo. Wewe huusikii?"

"Fikirini, umeshinda. Kubali."

"Sikubali! Siwezi kubeba ushindi wa upepo mimi. Turudie."

Somoe aliita jina langu lote, na la baba yangu. Rukiyabai alikuwa amesimama mlangoni na sinia mikononi, akamwambia kitu mumewe kwa Kikachi, lugha yao ya Kihindi, taratibu, na nilimwona Ramzanali akimsikiliza. Akanigeukia. Midomo ilimcheza. Kisha akalowesha kidole chake kwa ulimi, akakiinua juu hewani, mbele ya watu wote, akajifanya anapima.

"Kweli," akasema, na sauti yake haikuwa imara. "Upo kidogo."

Nikaukunja mtutu, nikatia risasi, nikampa bunduki apige yeye kwanza.